Gari linavuja: soma doa kabla hujanunua mpira

Jioni ukishaegesha, omba katoni tupu dukani, ichane iwe bapa, isukume chini ya injini. Kwa kalamu andika "mbele" upande unaoelekea bampa. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, ivute uitazame. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kupimia gari linalovuja, na haina gharama.

Nafanya kazi gereji huku Nyakato, Mwanza. Haipiti wiki bila mtu kuja na mpira mpya mkononi, yaani hozi ya kupitishia maji au mafuta, bado una vumbi la dukani, anataka nimfungie tu aondoke. Mara nyingi mpira wa zamani hauna kosa, ila klipu ndiyo imelegea. Au una kosa kweli, lakini kuna kitu kingine kinachouua, na huu mpya nao kitaumaliza. Pesa inaliwa hapo. Kwa hiyo humu nitaanza na unachokiona, halafu twende kwenye chanzo, na matumizi ya pesa yaje mwisho.

Doa lenyewe

Maji meupe, hayana rangi wala harufu, yamedondoka mbele upande wa abiria, na ulikuwa umewasha AC: hayo ni jasho la AC. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria hewa ina unyevu mwingi, AC inaweza kutoa maji ya kutosha mtu akadhani rejeta imetoboka. Usifanye chochote.

Kijani, waridi, jekundu au la kutu, linanata kidogo na lina harufu tamutamu: maji ya rejeta yenye kulanti, ile dawa inayochanganywa nayo. Utamu huo ni wa hatari, kwa sababu kulanti nyingi zimetengenezwa kwa glaikoli, nayo ni sumu. Usiiache kwenye beseni uani kwenye watoto, mbwa na mbuzi.

Jeusi au la kahawia, linateleza: oili ya injini. Jekundu linaloteleza: hidroliki, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Ukiona manjano hafifu linaloteleza karibu na tairi, au chini ya pedali ndani ya gari, shtuka, huenda ni mafuta ya breki. Kuna jaribio dogo hapa: chovya kijiti kwenye doa, kisha kitie kwenye glasi ya maji safi. Oili na hidroliki huelea. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, huchanganyika na maji na kupotea. Glasi hiyo usiirudishe jikoni.

Petroli mara nyingi haiachi doa. Inakauka, inabaki harufu.

Rangi peke yake haitoshi, maana kuna wenye magari wanaochanganya kulanti ya kijani na ya waridi mpaka inakuwa kama chai ya rangi. Tazama rangi, nusa, gusa, kisha angalia doa liko wapi kwenye katoni.

Pale linapodondoka sipo linapoanzia

Gari likitembea, upepo unasukuma majimaji nyuma, na uzito unayashusha chini. Tone linaloanguka katikati ya gari linaweza kuwa limeanzia kwenye mpira wa juu kabisa mbele. Kanuni ya gereji ni kutafuta sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi.

Injini ikiwa imejaa matope ya oili na vumbi huwezi kuona kitu. Isubiri ipoe, isugue kwa brashi na sabuni ya unga, isuuze taratibu bila kumwagia maji kwenye altaneta wala kwenye soketi za umeme, iache ikauke. Kisha nyunyizia poda ya watoto kwenye mipira na viungio unavyovishuku. Washa gari liungurume dakika 15, zima, washa tochi ya simu. Kwenye ule weupe utaona mchirizi mmoja mweusi au wa waridi, na kichwa cha mchirizi ndicho tundu. Poda hiyo imenipunguzia kubahatisha kuliko kifaa chochote nilichonacho.

Maji ya rejeta yanapungua

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mivujo mingi ninayoiona iko hapa, na kwa sababu ndipo mtu wa kawaida anapoweza kujitengenezea mwenyewe.

*Asubuhi kuna kidimbwi, mchana hakuna tone.* Watu hudhani gari linawachezea. Mpira uliozeeka umekuwa mgumu kwenye shingo yake. Injini ikipoa usiku, mpira na shingo vinasinyaa kwa viwango tofauti, nafasi ndogo inabaki, maji yanapita. Injini ikipata moto mpira unatanuka na kuziba. Tatizo liko mwishoni mwa mpira, karibu na klipu, na tiba yake inaweza kuwa ya bure.

Subiri injini ipoe kabisa, fungua maji yatoke kwenye ndoo safi ili uyarudishe. Legeza klipu, isogeze nyuma. Sasa, mikono ya wengi inakimbilia plaizi na kuzungusha mpira kwa nguvu. Usifanye hivyo. Rejeta nyingi za siku hizi zina vichwa vya plastiki, na plastiki iliyochemka miaka 10 huvunjika kama biskuti. Ukivunja shingo umehama kutoka kazi ya klipu kwenda kazi ya rejeta. Kama mpira umegoma, chukua wembe, uchane kwa urefu sehemu ile tu iliyovaa shingo, uumenye kama ndizi. Ukiutoa, kata sentimita 2 hivi kutoka mwisho, pale palipokakamaa na kuchanika. Mipira mingi ina urefu wa ziada wa kuvumilia hilo, lakini pima kwanza kwa kuurudisha mahali pake. Ukivutika kama kamba ya ngoma, haukubali, na injini ikitikisika utachomoka.

Shingo isugue kwa msasa laini mpaka ile chokaa nyeupe au kutu iishe. Hapo ndipo wengi wanaruka hatua, wanafunga mpira mpya juu ya uchafu wa zamani, na kesho yake wanarudi. Paka maji ya sabuni ili mpira uteleze, kamwe usipake oili. Klipu ikae nyuma ya kile kituta cha shingo, si juu yake wala si ukingoni kabisa. Klipu za springi zilizokuja na gari, kama hazijalegea, zirudishe. Zinaufuata mpira unapotanuka na kusinyaa. Zile za kukaza kwa bisibisi hazifuati, kwa hiyo ukizitumia, endesha siku moja, acha ipoe, kaza tena robo mzunguko. Ukikaza kupita kiasi meno yanakata mpira, na umejitengenezea tundu jipya kwa mkono wako. Klipu mbili mpya nzuri hazikufilisi. Bei ya moja haifiki sahani ya chipsi mayai.

*Mpira umekuwa laini, umevimba, unabonyea kama andazi lililochovywa kwenye chai.* Kuna mama mmoja mwenye Noah, anachukua dagaa Mwaloni pale Kirumba na kuwapeleka Magu na Bariadi. Alikuja na mpira wa juu umepasuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu ni mpira wa tatu tangu Pasaka. Mafundi mnaniuzia mipira ya aina gani?"

Niliubonyeza ule mpira. Upande wa rejeta ulikuwa mzima, mgumu kiasi chake. Upande wa injini ulikuwa umenona, na kidole changu kilitoka cheusi. Juu yake gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, ilikuwa inalia oili tone kwa tone, siku zote, juu ya mpira. Mpira wa rejeta kwa kawaida hutengenezwa kwa aina ya raba inayovumilia maji moto na mvuke vizuri sana, lakini haipatani na oili. Oili ikiinywesha, inavimba, inaoza, inapasuka. Ungeweza kumfungia mama mipira kumi. Tulibadilisha gasketi, tukaosha, tukafunga mpira wa nne. Ule wa nne bado upo.

Kwa hiyo mpira uliolainika, tazama juu yake kabla ya kitu kingine. Ni kwa sababu hiyo hiyo sikubali mtu anayepaka grisi kwenye mipira "isikauke".

*Mpira mgumu, ukiukunja unaonyesha nyufa.* Huo ni uzee tu. Hauna dawa, badilisha. Ukiminya karibu na shingo ukasikia kitu kinavunjikavunjika ndani kama bisi, nao umekwisha hata kama nje unang'aa.

*Gari likipoa, mpira unanywea, kuta zake zinagusana.* Mpira hauna kosa. Maji yakipoa yanapungua ujazo, na mfuniko wa rejeta unatakiwa kufungua kivalvu chake kidogo cha katikati ili maji yarudi kutoka kwenye kopo la rizava. Kivalvu kikiganda, au kampira kembamba ka rizava kakiziba au kujikunja, rejeta inanyonya mpira wake yenyewe. Safisha kampira, badilisha mfuniko. Soma namba ya presha iliyo juu ya mfuniko, kwa kawaida 0.9 au 1.1 kwenye magari ya Kijapani, na ununue yenye namba ile ile. Kuna watu wanaweka mfuniko wenye namba kubwa "uzuie vizuri". Utazuia kweli, halafu presha itatafuta mpira ulio dhaifu itokee huko.

*Umewasha gari la baridi, dakika mbili tu mpira wa juu umekuwa mgumu kama jiwe, na bado haujapata moto.* Hapo acha kununua mipira. Moto wa silinda unaingia kwenye njia ya maji, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, yaani ya kichwa cha injini. Dalili ya kuthibitisha: injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, jaza maji, washa, uone kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yanayoendelea kama sufuria ya maharage ni kazi nyingine, na si ya makala haya.

*Tundu katikati ya mpira.* Hutokea mara chache kuliko watu wanavyodhani, na kwa kawaida mpira ulikuwa unasuguana na mkanda, feni au ukingo wa bati. Ukitaka kuokoa, kata palipotoboka, ingiza katikati kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu upesi, shaba au alumini, chenye unene ule ule wa shingo ya rejeta, kisha funga klipu pande zote mbili. Kiungio hicho kinaweza kukaa muda mrefu. Usitumie bomba la plastiki la maji ya nyumbani. Lile la PVC huanza kulainika likikaribia nyuzi 80, na maji ya injini hufanya kazi kati ya 85 na 100. Mpira wa kumwagilia bustani nao ni mambo hayo hayo. Halafu ukafunge ule uliounga mbali na kile kilichokuwa kinausugua, vinginevyo tutaonana.

*Mipira ya hita.* Hii ni myembamba, inapita kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, na imejificha kiasi kwamba haibadilishwi mpaka ipasuke. Ikivuja, au zulia la abiria likilowa maji matamutamu, njia ya bei nafuu ni kuiunganisha ile miwili, ya kwenda na ya kurudi, kwa kipande kimoja cha mpira wa U, maji yazunguke bila kuingia kwenye hita. Usizibe tu kwa bolti, kwa sababu kwenye injini nyingi maji yanahitaji kupita hapo ili thamostati, kile kivalvu kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa joto, isome joto sawasawa. Mwanza hutaikumbuka hita. Ukihamia Makete kwenye baridi tutaongea upya.

Kuhusu yai na bizari ambazo watu hutia ndani ya rejeta ili kuziba mvujo: zinaziba, sikatai. Zinaziba tundu, na zinaziba mirija ya rejeta pia. Tundu la kwenye mpira haziliponyi hata hivyo, maana mpira unatikisika na kutanuka. Nimeshafungua rejeta ikatoka kitu kama mchuzi ulioganda. Unga wa kuzibia wa dukani ni bora kidogo, lakini nao ni wa kukufikisha nyumbani.

Na maji ya kujazia. Ukiwa ufukweni umekwama, chota ziwani, chuja kwa kitambaa, ufike. Usiyaache humo. Mwani na mchanga vinakaa kwenye mirija, na maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu inayokula alumini na shingo zile ulizozisugua. Watu husema kulanti ni ya nchi za barafu. Kwetu kazi yake ni kutu na kuchelewesha kuchemka.

Umepasukiwa njiani

Zamani ukienda Sengerema au Geita, kivuko cha Kigongo kilikulazimisha kupumzika. Kwenye foleni ungefungua boneti, ungeona kitu kinatoa mvuke. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu anakanyaga moja kwa moja kilomita tatu juu ya maji, na kilichokuwa kinadondoka kinaendelea kudondoka.

Sindano ya joto ikipanda, simama mapema. Usifungue mfuniko. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuubonyeza mpira wa juu kwa mkono na uhisi hauna presha. Kausha mpira. Kata tyubu ya tairi la baiskeli au la pikipiki kuwa utepe wa vidole viwili, uvute kwa nguvu zako zote huku ukizungusha, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, uanze mbali na tundu na umalizie mbali nalo. Funga ncha kwa waya au klipu. Jaza maji taratibu. Injini ikiwa bado ina joto kali, usimwage maji baridi ghafla, silinda hedi inaweza kupasuka au kupinda.

Sasa mfuniko uache kwenye hatua ya kwanza tu, usiukaze mpaka mwisho, ili presha isipande ikaufumua utepe. Lakini ujue gharama yake. Ziwa letu liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 96. Mfuniko wa 0.9 ukiwa umekaza, yangefika karibu 115 kabla ya kuchemka. Umeondoa akiba hiyo yote. Zima AC, washa hita kama inafanya kazi (ndiyo, na joto hili), mwendo mdogo, simama kila baada ya kilomita chache uangalie maji.

Hidroliki na oili

Kwanza hakikisha stelingi yako inatumia hidroliki. IST na Probox, kwa mfano, zina stelingi ya umeme, kwa hiyo doa jekundu kwao linatoka kwenye giaboksi.

Stelingi ya hidroliki ina mipira miwili. Wa kurudi kwenye kopo hauna presha kubwa, unaweza kuweka mpira mpya wa oili na klipu mbili, basi. Wa kutoka kwenye pampu una presha inayoweza kupita ya tairi lako mara 20 au zaidi, hasa ukikata kona ukiwa umesimama. Klipu ya bisibisi haiwezi. Unachoweza kuokoa ni vyuma vya mwisho: vipeleke kwa wanaobana hozi za mitambo, wale wanaohudumia trekta na makatapila ya migodini, wakate raba iliyochakaa na wabane mpya kwa mashine. Inatoka nafuu kuliko hozi nzima, na mara nyingine inadumu kuliko ya dukani.

Mipira ya kupozea giaboksi inaingia chini ya rejeta. Klipu zikilegea, doa jekundu linakuwa mbele kabisa, na mtu anadhani ni stelingi. Badilisha vipande vya raba kwa mpira wa oili, si wa maji. Umeona oili inavyoufanya mpira wa maji. Ukichomoa kijiti cha kupimia giaboksi ukakuta majimaji ya waridi mazito kama mtindi wa stroberi, simamisha gari hapo hapo. Rejeta imetoboka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi.

Oili ya injini haina mipira mingi. Kabla hujalaumu chochote tazama swichi ya oili, gasketi ya tapeti kava na nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Breki: hapa hakuna ubunifu

Kopo la mafuta ya breki likishuka, kuna sababu mbili. Breki pedi zimelika, nayo ni kawaida, likishuka polepole kwa miezi. Au kuna mvujo. Pedali ikizama taratibu huku umeikanyaga, au ikawa laini kama sponji, usiendeshe hata kufika kwangu. Nipigie nije.

Kagua ndani ya kila tairi, ile mipira mifupi inayoelekea kwenye kalipa (kile kinachobana breki pedi), na mabomba membamba ya chuma chini ya bodi, hasa pale yalipobanwa na klipu na tope kukaa. Magari yanayobeba samaki wenye barafu yanaoza hapo haraka, maji yanadondoka chini kila siku. Kuna kosa lisilovuja pia: mpira wa breki ukivimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na tairi moja linabaki limeshikwa. Ukiligusa baada ya safari lina moto kuliko wenzake.

Niliyoyaona na sitaki uyafanye: bomba lililotoboka kukunjwa na kupigwa nyundo, au kuzibwa kwa bolti ili "tairi tatu zitoshe". Jaribu hilo kwenye mteremko wa Bugando siku ya mvua, gari litavutwa upande wenye breki. Bomba la shaba la friji nalo, hata likikaa vizuri leo, mtetemo unaikakamaza shaba mpaka inapasuka bila taarifa. Nafuu halali ni hii: si lazima ununue bomba zima. Fundi mwenye kifaa cha kupanua midomo anaweza kukata sehemu iliyooza, akaweka kipande kipya cha bomba la breki lenye kipenyo kile kile, kwa kawaida milimita 4.75, na kiungio cha breki chenye midomo iliyokunjwa mara mbili. Kipande ni bei ndogo. Kifaa ndicho ghali, kwa hiyo tafuta aliyenacho badala ya anayesema anaweza bila hicho.

Na neno lenyewe "hidroliki" limeua sili nyingi. Dukani neno hilo linabeba ile nyekundu ya giaboksi, na wengine wanaita hivyo hivyo mafuta ya breki. Ukitia nyekundu kwenye kopo la breki, raba zote zinavimba, kuanzia masta silinda, ile pampu kuu ya breki, mpaka tairini, na kuosha hakuzirudishi. Sema "mafuta ya breki", soma DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa na kwenye mfuniko wa kopo. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Iliyofunguliwa mwaka jana imeshanyonya unyevu wa hewa, na mafuta yenye maji huchemka mapema ukishuka mlima. Yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji upesi, yanababua.

Baada ya kufungua popote, lazima utoe upepo. Mmoja anakanyaga pedali na kushikilia, mwingine chini analegeza nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo) yenye mpira mwembamba uliozama kwenye chupa yenye mafuta ya breki, mapovu yanatoka, anakaza, ndipo wa juu anaachia. Wa juu akiachia kabla, hewa inarudi na mnaanza upya, na hapo ndipo ndugu hugombana. Kwa magari mengi anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, na kopo lisiishe katikati ya kazi.

Petroli na dizeli

Ukisikia harufu ya petroli, usianze kutafuta kwa kiberiti cha gesi. Nimeona mtu akifanya hivyo. Toa betri, sukuma gari nje, weka kizima moto karibu kama unacho.

Gari la injekta linasukuma petroli kwa presha ya karibu baa 3. Mpira wake unatakiwa uwe umeandikwa kuwa ni wa mafuta na wa presha hiyo. Vijana wa ziwani hutuletea hozi za injini za mitumbwi. Ni za petroli kweli, haziozi, lakini zimetengenezwa kuvuta mafuta kutoka kwenye tenki, si kusukumiwa. Kwa gari la kabureta zinafaa. Kwa injekta, hapana. Tenki lenye ufa mdogo unaolia, mche wa sabuni ukisuguliwa kwa nguvu kwenye ufa unaziba kwa muda, kwani sabuni haiyeyuki kwenye petroli, nao unatosha kufika kwa mchomeleaji anayejua kusafisha tenki kwanza.

Dizeli ina kisa chake. Canter au Hiace inasumbua kuwaka asubuhi, inawaka, inazima, inawaka tena, na chini hakuna tone. Mpira uliochoka upande wa kunyonya, kati ya tenki na pampu, hauvujishi dizeli nje. Unavuta hewa ndani. Weka kipande cha mpira angavu unaoonyesha ndani kabla ya chujio, piga pampu kwa mkono, utazame mapovu. Kaza klipu moja moja kuanzia tenki mpaka mapovu yaishe. Nilishawahi kuona nozeli zikishushwa zote nne kwa tatizo la klipu moja.

Ila injini mpya za dizeli zenye reli ya pamoja (common rail), presha yake inapita baa 1,000. Usipitishe mkono kutafuta mvujo. Mchirizi usioonekana unaweza kupenya ngozi, na hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Tumia kipande cha katoni ile ya jana.

Cha kukaa nyuma ya gari

Klipu mbili za ukubwa wa mpira wako wa juu. Bisibisi. Wembe. Utepe wa tyubu uliokatwa tayari, maana njiani giza likiingia hutapata wa kukata. Kitambaa. Chupa ndogo ya mafuta ya breki iliyofungwa. Na dumu la lita 5 la maji, uandike juu yake kwa rangi "YA GARI". Langu sikuliandika, na siku nililolihitaji nilikuta abiria walishanawia mikono lote baada ya kula sato Busisi.